Majani Yaliyonifika Kifuani

Harufu ninayoijua kuliko zote ni ya nyasi kavu zilizolowa umande, alfajiri, baba anapovuta tawi la miiba lililoziba mlango wa ngitili yetu. Utamu kidogo, vumbi kidogo, na kitu kama moshi ambacho sikuwahi kujua kinatoka wapi. Ng'ombe waliinusa kabla yetu. Walianza kulia wakiwa bado zizini, wakasukumana, na ndama wakapata wazimu wa kurukaruka wasijue hata wanashangilia nini. Kwa msomaji asiyezaliwa Usukumani niseme mapema: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Haingii ng'ombe, haingii mbuzi. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama, na miti iliyomo inaachwa ijiotee, hadi kiangazi kinapokaza na huko nje kumebaki udongo mtupu. Hapo ndipo panapofunguliwa, kipande hiki kwanza, kingine baadaye. Wengine huweka akiba ghalani, sisi tuliiweka ardhini ikiwa na mizizi yake.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Kasoli, Bariadi, mahali ambapo mashamba ya pamba yalikwisha kuimaliza miti kabla sijazaliwa. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu uliona upande mmoja ardhi iliyopauka, makorongo yakipanuka kila masika, na upande wa pili ngitili, migunga na nyasi mpaka macho yachoke. Ilikuwa ya kaya zote za upande wetu, na baba yangu ndiye aliyechaguliwa kuwa mlinzi wake. Mshahara wake ulikuwa fimbo na lawama. Lakini aliipenda ile kazi, jamani! Alinifundisha kupima nyasi kwa ngumi. Unaweka ngumi ardhini kando ya shina, na ng'ombe wakishakula hadi usawa wa ngumi unawatoa, hata wakilia namna gani. Nyasi zikibaki urefu huo mizizi iko hai, na mvua ikija maji yatashikwa yazame. Zikiliwa kupita hapo mizizi inakufa, na mvua ya kwanza inateremka na udongo wote mpaka mto Simiyu. "Ng'ombe mmoja wa ziada hali nyasi za leo," alikuwa akisema, "anakula mvua ya mwakani." Sikuelewa hata kidogo. Nilipenda tu kuweka ngumi yangu kando ya yake, naye akinitania kwamba tukifuata ya kwangu tutabaki na jangwa.

Sheria za ngitili hazikuwa na mchezo. Mwaka uliotangulia huu ninaotaka kuusimulia, jirani yetu Masunga aliwaingiza ng'ombe wa wakwe zake kimyakimya. Baba akamkamata, akamfikisha kwenye dagashida, yaani mkutano wa kimila wa watu wote, na Masunga akatozwa mchenya: achinje fahali, watu wale, aombe radhi hadharani. Nilikula ile nyama na ilikuwa tamu, sina sababu ya kudanganya. Masunga aligawa mafungu huku anatabasamu, ila alipofika kwa baba akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Kula ushibe, ndugu yangu. Siku yako nayo ipo." Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akala.

Sasa nije kwenye mdomo wangu. Waswahili wanasema ulimi uliponza kichwa. Wangu haukuponza kichwa changu, uliponza cha mtu mwingine, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Baada ya mavuno ya mwaka huohuo wa nyama ya Masunga, mama alinichukua twende kwao, Lalago, kwa kaka yake, mjomba Maduhu. Mjomba alikuwa mrefu, mwenye kucheka kabla hata hajamaliza kusimulia kinachochekesha, na mimi nilimpenda kuliko watu wazima wote duniani. Ng'ombe wake wengi walikuwa uzao wa mahari ya mama yangu. Walitoka zizini kwetu siku baba alipomwoa mama, wakazaana kule, na yule mzee kuliko wote, mweupe mwenye mabaka mekundu, alikuwa ni mmoja wa walewale wa mwanzo. Mjomba alimpa jina la Harusi. "Huyu ndiye mama yako," aliniambia. "Msalimie vizuri, usije ukalaaniwa." Nikapiga goti nikamsalimia ng'ombe, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Kisha akaniuliza, kwa kunichokoza, "Haya, Kabula, jina lako ni la mtoto wa mvua. Huko kwenu mna nini cha kutushinda sisi?" Nami nikavimba kichwa. Nikaweka mkono kifuani na kusema, "Kwetu majani yananifika hapa." Akaniambia, "Wee, mwongo!" Nikaapa: "Haki ya Mungu, mjomba. Hapa kabisa. Njoo uone."

Njoo uone. Mtoto anasema maneno mangapi kwa siku? Mengi yanapotea na upepo, lakini haya mawili yalisikika na yakawekwa. Mvua zilizofuata zilikuja kwa manyunyu ya kutudhihaki, zikakata. Mtama ulitoa masuke matupu. Sisi watoto tulikula michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, asubuhi na jioni mpaka taya zikachoka, na watu wazima wakaanza kuzungumza kwa sauti ndogo. Lalago hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu wenzetu wa kule walikuwa wameshalima hadi vipande vyao vya malisho. Ngitili yetu haikuota vizuri kama mwaka uliotangulia, lakini ilikuwepo, imesimama, rangi ya simba. Baba alikuwa akiizunguka kila asubuhi, anainama, anaweka ngumi, anainuka, anakwenda kipande kingine. Alikuwa hajafungua hata kipande cha kwanza.

Mchana mmoja tukasikia ng'ombe wasio wetu. Nilitoka mbio nikamwona mjomba Maduhu anakuja na kundi lake lote, na mwanawe Limbu, rika langu, akiwa nyuma amembeba ndama mabegani. Mbavu za wale ng'ombe ungeweza kuzihesabu ukiwa mbali. Walipoipata ile harufu ya nyasi walibadilika. Hawakuwa na nguvu za kukimbia lakini walijaribu, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye miiba ya mlango wa ngitili na kusimama pale wakilia, vichwa vimepita katikati ya matawi. Nilifurahi sana. Mungu anisamehe, nilirukaruka, maana mjomba alikuwa amekuja kuona.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Wakasalimiana vizuri, kwa mwadila, salamu yetu ya mchana, na habari za nyumbani, kama mashemeji wanavyopaswa. Kisha baba akasema, "Wewe karibu ndani, shemeji. Mtoto naye karibu ndani. Ng'ombe, hapana."

Mjomba alicheka. Mashemeji kwetu hutaniana, akadhani ni utani. Akangoja sehemu ya pili ya mzaha, haikuja. Akamshika Harusi pembe, akamgeuza uso amtazame baba. "Huyu unamjua?" Baba akasema, "Namjua." Mjomba akauliza, "Alitoka zizi la nani?" Baba akajibu, "La baba yangu." Mjomba akasema, "Basi, shemeji, leo unamfukuza nani?" Baba akailaza fimbo yake kuziba mlango. Ndipo mjomba akaniona mimi, nimesimama na furaha yangu inayooza. Hakuwa na hasira. Alisema taratibu tu, "Kabula, si ulisema nije nione? Nimeona, mama." Mama akatoka ndani na kibuyu cha maziwa. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja, yaani asante kwa kwetu, kisha akachuchumaa akamnywesha yule ndama wa Limbu mpaka tone la mwisho. Yeye mwenyewe hakuonja.

Walipiga kambi mtoni, kwenye mchanga, ambako ukichimba unapata maji ya matope. Sisi tukabaki nyumbani na ugomvi. Sikuwahi kumsikia mama akimpandishia baba sauti kabla ya hapo. "Undugu ni kufaana," alisema. "Ng'ombe wale ni mimi. Ulipowatoa ulisema hii ndiyo heshima yangu. Leo heshima yangu inalala mchangani inakufa, na wewe umekaa unalinda majani!" Baba akasema, "Nikimfungulia yeye, nimfungie nani?" Mama akamwambia, "Mfungie mke wako, ndiyo unayoweza." Nilijifanya nimelala juu ya ngozi yangu ya kulalia. Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyemwita, lakini nani alikuwa na haja ya kuniuliza?

Baba aliipeleka kesi mwenyewe kwenye dagashida. Masunga akasimama, na kila mtu akajua siku aliyoitaja imefika. "Mkuki ni kwa nguruwe tu?" akaanza, na wengine wakacheka. Lakini hakuendelea kama tulivyotarajia. Alisema, "Mimi ndiye niliyetozwa, na mimi nasema waingie. Njaa haina shemeji. Waingie, baba Kabula atoe fahali tule, yaishe." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Njia ikawa imefunguka, tena imefunguliwa na adui. Nilimtazama baba nikimwomba kwa macho aseme ndiyo. Akasimama akasema, "Fahali tutamla siku moja. Nimepita kila kipande, nimepima. Nyasi zinatosha hawa wetu hadi mawingu yarudi, na hapo mawingu yawe na huruma. Tukiongeza kundi zima, watakufa wetu, na wa shemeji yangu watakufa humohumo, na mwakani hapatakuwa na ngitili ya kugombania." Kisha akakaa, akajifunika shuka kichwani. Mtu mzima, mlinzi wa ngitili, amejifunika kama mgonjwa wa malaria.

Mjomba aliondoka bila kuaga baba. Alimpitia mama, wakashikana mikono. Harusi alishindwa kuinuka pale mchangani. Mama alikaa naye hadi mwisho, akimfukuzia nzi kwa kanga, akimsemesha kwa Kisukuma maneno ambayo watu humwambia mgonjwa wao. Alikataza mnofu wake usiliwe, na katika mwaka ule wa njaa watu walitii. Ng'ombe wengine wa mjomba walikufa njiani, tukasikia, na waliobaki wakauzwa bei ya kutupa. Kabla mwaka haujaisha yeye na familia yake wakahamia kusini, kule ambako Wasukuma wengi wamekwenda kutafuta malisho, na mimi na mjomba hatukuonana tena maishani.

Na baba alikuwa sahihi. Hilo ndilo lisilonipa nafuu. Kipande cha mwisho cha ngitili kililiwa hadi usawa wa ngumi, tukaanza kutazamana, na ndipo mawingu yakaja. Ng'ombe wetu walipona, wa Masunga walipona, wa kaya zote walipona. Kundi la mjomba lingeingia tungelia wote. Kiangazi kile kizima sisi watoto tulikunywa maziwa. Mimi niliyanywa kila jioni nikiomba niongezwe, na nikiyamaliza ndipo nakumbuka yule ndama akinyonya kibuyu mikononi mwa mjomba. Aibu ilikuwa inakuja baada ya shibe, haikuwahi kuja kabla.

Mama hakumwacha baba. Alimpikia, alimzalia mtoto mwingine, alimuuguza mpaka alipomzika. Lakini hakuokota tena hata kijiti ndani ya ngitili. Wanawake wote walikuwa wakiruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizodondoka, kuchuma mboga za porini, kukata nyasi za kuezekea. Yeye alipikia mabua ya pamba yanayowaka vuu na kuzimika, macho mekundu kwa moshi, huku kuni kavu zimelala umbali wa kutupa jiwe. Baba alijua. Kila jioni aliuona ule moshi wa mabua, na kila jioni alikaa upande unaokuja moshi. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumzia. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume, lakini kwetu hayakwenda kokote, yalikuwa yanakaa jikoni.

Leo mimi nina duka la pembejeo Bariadi mjini, nauza mbegu, dawa za pamba na mashudu ya kulishia ng'ombe, na nyumbani kijijini niko kwenye kamati ya ngitili. Ngitili imekua. Migunga imepanda, kuna nyuki, kuna kanga wanaokwaruza alfajiri, na kichemchemi ambacho babu alikizungumzia kama hadithi kimerudi kutoa maji. Wageni wanakuja kwa magari, vijana wazuri wenye kofia na vyombo vya kupimia, wananyoosha utepe kuzunguka shina, wanachimba udongo wanautia kwenye vifuko. Wanaiita mandhari endelevu kwa watu na viumbe. Sina ugomvi nao, wanapima kwa usahihi na wanayosema ndiyo baba aliyoyasema, ila kwa maneno marefu zaidi. Huwa wanauliza siri yetu ni nini, na mwenyekiti anajibu kwamba ni umoja. Watu wanapiga makofi. Mimi nami napiga, mikono inawaka moto, kwa sababu najua nyasi hizi zina mtu aliyeachwa nje ya mlango ili zisimame, na hakuna kibao kinachomtaja.

Mwaka huu mvua zimekuwa zilezile za manyunyu. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani kijijini, napika chai kwa mabua ya pamba, maana nami sijaweza kuokota kuni mle, bodaboda ikasimama uani. Alishuka mwanamume mrefu mwenye mvi kidogo, na kabla hajasema nikajua kile kicheko kinachotangulia maneno. Limbu. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukauliza nani amekufa na nani yuko. Mjomba alifariki huko kusini miaka mingi iliyopita. Limbu akaomba nimpeleke akaione ngitili, nikampeleka. Akaingia hadi katikati ya nyasi, akasimama, akashusha mkono polepole mpaka ulipogusa ncha zake.

"Baba alikuwa anatusimulia," akasema. "Watu walipomcheka kwamba alipoteza ng'ombe kwa maneno ya mtoto, alikuwa mkali. Alikuwa anasema, mtoto hakudanganya. Majani yalikuwepo."

Miaka yote niliyojibebesha yale maneno mawili, na mjomba kule alikuwa ananitetea.

Tuliporudi nyumbani nikamtilia maziwa. Akashika kikombe, akasema kwamba wamefukuzwa kusini, wafugaji na wakulima wameshindwana, na amerudi na ng'ombe wachache aliobaki nao. "Nimewaacha Lalago kwa jamaa," alisema. "Kule hakuna kitu, dada. Hakuna hata unyasi."

Nilijua anachoomba. Nilijua pia vipande vyetu, maana asubuhi ileile nilikuwa nimevipita vyote, nimeinama na kuweka ngumi yangu, ambayo sasa imefikia ya baba. Nyasi zinatosha hawa waliopo, na hapo mawingu yawe na huruma. Nilimfikiria mama na kanga yake akifukuza nzi. Nilifungua mdomo kusema leteni, waje, potelea mbali. Nikajisikia nasema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu peke yangu, "Wewe karibu ndani, kaka. Watoto na mke wako karibu ndani. Ng'ombe..."

Sikumaliza. Nikaanza kubabaika na habari za mashudu, kwamba dukani ninayo, nitatafuta gari, nitayapeleka Lalago mwenyewe, hata kama magunia yale hayatafika mbali. Limbu aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Ndiyo maana nimewaacha Lalago," akasema. "Sikutaka wainuse."

Kisha akainua kikombe akanywa maziwa yote, akasema wabeja, akatoka nje akarudi na mzigo wa kuni kavu alizookota ndani ya ngitili, akaziweka jikoni kwangu. Mabua yalikuwa yameshazima. Nilikaa nikizitazama zile kuni muda mrefu, halafu nikachukua kiberiti.